Matoka Yalipohamia Getini

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Lakini Jumamosi ile niliposhuka Nyeri na kuingia kwenye bustani yetu, mdomo ulifunguka na neno halikutoka. Nilisimama getini, gambuti zangu za mpira mkononi, panga kwapani, nikikodolea maua macho.

Nilikuwa nimealikwa. Vijana wa mtaa wameunda kikundi cha kujitolea kutengeneza bustani ya umma, wakatuma ujumbe kwa sisi tuliolelewa pale: njooni tusaidiane. Na kusema kweli, kazi wameifanya. Zile karatasi za plastiki zilizokuwa zimejaa kila mahali zimekwisha, viti vimepakwa rangi, mtaro umezibuliwa mpaka maji yanapita. Ningewakumbatia mmoja mmoja. Ila pale getini, kuzunguka kibao kipya chenye jina la bustani, walikuwa wamepanda matoka. Duara safi kabisa, mawe meupe pembeni, udongo bado una maji.

"Si imependeza, anti?" akaniuliza kiongozi wao, msichana mchangamfu mwenye kofia ya kijani. "Hizi maua zilikuwa zimekaa tu huko chini, laini moja, ndani ya nyasi. Hakuna mtu alikuwa anaziona. Tukasema wacha tuzilete mbele."

"Mungu wangu," nikasema. "Mmeng'oa matoka?"

Aliendelea kutabasamu. Masikini, alidhani nimefurahi.

Kama hukulelewa huku kwetu, nikueleze. Itoka lina kiazi kikubwa kama kitunguu, majani mapana, na maua meupe yenye mistari ya waridi. Ni zuri, sikatai, lakini halipandwi kwa urembo. Linapandwa mpakani. Shamba lako linaishia hapo, la mwenzako linaanzia hapo, na likishapandwa mbele ya watu, hakuna anayeligusa tena. Mtu aliyehamisha itoka aliogopwa kuliko mwizi wa ng'ombe. Na watoto wa watu wameyang'oa mchana kweupe, wamevaa glavu, wakapiga na picha!

Enzi zetu hakukuwa na kikundi wala kofia. Kulikuwa na shosho, nyanya yangu, akina mama wa mtaa, na Jumamosi asubuhi. Baridi ile ya kwetu unaijua, ya kukufanya uongee na moshi utoke mdomoni. Mlima, ukiamua kuonekana, ulionekana kabla ya chai kisha ukajifunika. Shosho alipiga debe kwa mwiko akipita nyumba hadi nyumba, na ole wako ukijifanya umelala. Bustani ile iliwekwa safi na njaa ya ng'ombe. Kila mama mwenye ng'ombe alikuwa na sehemu yake ya kukata nyasi, na kabla hajajitwika mzigo alifagia sehemu hiyo na kuokota uchafu wote. Asiyefagia hakati. Sisi watoto tulizibua mtaro kwa mikono, tukirushiana matope mpaka mwalimu, ambaye hata Jumamosi alikuja na filimbi yake, aipulize.

Sauti ninayoikumbuka zaidi ni ya panga zikinolewa kwenye jiwe kubwa upande wa chini, karibu na kijito. Kwaruu, kwaruu, na akina mama wakicheka. Kisha chakula. Nduma na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba bado vya moto, chai iliyonuka moshi, na mama mmoja wa Kiislamu kutoka Majengo aliyeleta mahamri kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. "Hamgusi mpaka mnawe!" alisema kwa Kiswahili chake laini, na wiki nzima tulikuwa tukimwiga, tukishindwa.

Shida yetu ilikuwa jirani wa chini. Shamba lake lilipakana na bustani, na kila mvua zilipokuja, jembe lake lilisogea kidogo. "Mahindi ya huyu mzee iko na miguu," shosho alikuwa akisema. Msimu mmoja yakafika karibu na bembea yetu. Shosho hakumpigia kelele. Alienda kwake, akanywa uji wake, akakaa huko mpaka tukaanza kumtafuta, akarudi na neno: tutapanda itoka, na mzee mwenyewe amekubali.

Siku hiyo walikuja wote. Jirani wa chini alikuja na kofia mkononi, na kijana wake, rika langu, yule aliyekuwa akipiga mpira mpaka unauma. Watu wazima walivuta kamba ya mkonge kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mashimo yakachimbwa. Halafu shosho akakataa wakubwa wapande.

"Sisi tutaenda," alisema. "Hawa watoto ndio watakumbuka."

Basi kila mtoto akapewa kiazi chake na shimo lake, tumeachana kwa urefu wa mikono yetu iliyonyooshwa. Langu lilikuwa mbele kabisa ya jiwe la kunolea. Kushoto kwangu alipanda binti wa yule mama wa mahamri. Kulia alipanda kijana wa jirani, baba yake amemshika shingo asikimbie. Tukaambiwa: mpira ukianguka hapo, chukua mpira, lakini jani usiguse. Na hatukugusa. Tulikua tukiyaruka matoka yale kama tunaruka moto.

Sasa elewa nilivyoshuka ile bustani mbio, msichana wa kofia akinifuata akiuliza, "Anti, kwani tumekosea nini?"

Huko chini ndiko nilikoshtuka hasa. Mashimo yalikuwa yamefukiwa na nyasi mpya kupandwa juu, sawasawa, huwezi kujua palipokuwa na kitu. Na upande wetu, karibu na bembea, palikuwa na mchanga, nguzo, na seng'enge mpya. Mafundi walikuwa wakichimba. Aliyewasimamia alikuwa yule kijana wa jirani, sasa mtu mzima mwenye kitambi na viatu vya kung'aa. Baba yake tulimzika zamani.

Alinisalimia vizuri tu, kwa mikono miwili.

"Na hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni fensi, dadangu. Si unajua mila yetu? Itoka ndiyo mpaka. Na sasa itoka iko kwa geti." Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Lakini mimi si mtu mbaya. Nitachukua tu mpaka hapa kwa bembea."

Msichana wa kofia alikuwa amekauka, mkono mdomoni. "Lakini sisi hatukujua," akasema. "Kuna ramani, si kuna ramani?"

"Ramani iko ofisini, nenda uiulize," akamjibu. "Wewe ndiye uliyeng'oa. Nionyeshe basi, laini ilikuwa wapi?"

Msichana akaonyesha hapa. Halafu akasema hapana, ni pale. Halafu akaanza kulia, na fundi akainua nguzo ya kwanza.

Ningetaka kukuambia nilitulia nikafikiri. Wapi! Nilivaa gambuti kwa hasira na nikaanza kufyeka nyasi ndefu za kando ya kijito, nikitafuta jiwe. Nililipata limezama nusu, limeota kuvu, lakini ule mfereji uliochimbwa na panga za mama zetu ulikuwepo bado. Niliweka kidole ndani yake. Nikageuka, nikapiga hatua chache, nikasimama pale nilipopiga magoti nikiwa mtoto.

"Mimi ni hapa!" nikapiga kelele.

Vijana walitazamana. Nadhani walidhani nimerukwa na akili. Lakini binti wa mama wa mahamri alikuwa amefika, na chai na beseni lilelile la mama yake. Aliliweka chini, akakunja buibui lisiguse tope, akaja kusimama kushoto kwangu. Tulipima kwa kunyoosha mikono, kisha tukasogeana kidogo, maana mikono yetu imekuwa mirefu. Wengine wa zamani zetu, wachache waliokuwa wamekuja kufanya kazi, wakaelewa. Mmoja akasema shimo lake lilikuwa karibu na mti wa muiri. Mwingine akasema, "Mimi nilikuwa wa mwisho, niliingia mtaroni nikachapwa." Kila mmoja akaenda akasimama pake.

Rafiki yangu, ungeiona laini ile ungelia. Ilikuwa na mapengo.

"Hapa palikuwa na nani?" binti wa mahamri akauliza, akionyesha nafasi baada yake. Nikamwambia ni yule aliyeenda Qatar. Na inayofuata? Ni yule tuliyemsindikiza kaburini mama yake akiwa bado hai. Na ile nyingine? Hapo hakuna aliyejibu, kwa sababu sote tulijua, na habari ya mtoto yule hatuizungumzi mpaka leo. Tukaacha nafasi.

Kulia kwangu pia palikuwa wazi. Nilikuwa nimemwandalia matusi yule bwana, matusi ya Kigikuyu na ya Kiswahili, nimeyapanga vizuri. Nilipomtazama, yakapotea.

"Na wa hapa kulia?" nikasema. "Baba yake alikuwa amemshika shingo."

Mafundi waliacha kuchimba. Mkono wake ukapanda wenyewe ukashika shingo kwa nyuma. Nilijua atacheka tena. Hakucheka. Alivuka mchanga wake kwa vile viatu vya kung'aa, akaja akasimama kulia kwangu, bembea ikiwa nyuma yetu na shamba la baba yake mbele.

"Mzee alinifinya sana hiyo siku," akasema, akawaashiria mafundi walaze nguzo chini.

Sikuweza kumjibu. Mimi, kunyamazishwa mara mbili kwa siku moja!

Matoka yalirudishwa mchana uleule. Msichana wa kofia aliyabeba mwenyewe kutoka getini, kwa karai, akikataa kusaidiwa. Hatukupanda sisi. Tuliita watoto waliokuwa wakibembea, kila mmoja akapewa kiazi chake, hata kwenye mapengo, na msichana alitaka kujua kila pengo ni la nani kabla halijafukiwa. Tukamtajia majina yote, hata lile la mtoto tusiyemzungumzia.

Ng'ombe hawapo tena mtaani kwetu, maziwa ni ya pakiti. Debe la shosho sijui liliishia wapi. Mahamri niliyala nimekaa juu ya lile jiwe, na hakuna aliyeniambia ninawe mikono. Nilikuwa nikiitazama ile laini ya watoto wenye matope magotini. Shosho alisema sisi ndio tutakumbuka, na ni kweli tulikumbuka. Hakuniambia tu kwamba siku hiyo tutakuwa tumebaki wachache hivi.