Mudogo yangu alingojea myezi tano

Admin, ficha jina yangu, batoto yangu banasomaka hii page.

Niko mama wa myaka 69, mujane, ninaishi ku mutaa wa Katuba na binti yangu wa mwisho. Nilifundisha ku masomo ya primaire myaka mingi, na siku zilikuwa zinakimbia. Tangu bwana yangu alikufa, siku haiishe. Ninanawa uso, ninakaa ku kiti, ninazani saa sita imefika. Kumbe iko saa tatu. Binti akienda sokoni ninamulalamikia, "Umekawia." Ananijibu, "Mama, sikumaliza hata saa moja."

Lakini myezi inapita bila mimi kujua.

Mudogo yangu mwanamuke, ndugu mumoja tu niliyebakia naye, alikuwa anauzisha unga kule Mokambo. Alinipigia simu wakati ya mvua ya kwanza: "Yaya, mukubwa yangu, niko mugonjwa. Kuya tuonane." Nikamujibu, "Nitakuya juma hii." Nilikuwa na nia kabisa. Lakini kesho yake hata kuoga kulinishinda, na siku iliyofuata vilevile. Alipiga tena, nikarudilia maneno yale yale.

Siku moja binti yangu alinishika mikono. "Mama, mama mudogo amekufa."

Nikasema, "Haiwezekani, tumeongea juzi."

Akafungua simu yangu, akanionyesha tarehe. Inje bantu balikuwa banachoma mahindi. Myezi tano ilikuwa imepita.

Binti alinipeleka Mokambo ku kilio, na kule mutoto wa marehemu aliniambia mbele ya wote, "Mama mukubwa, kila siku alikuwa anauliza kama umefika. Alikufa akizani umemukasirikia." Nani angeamini kama kwangu ilikuwa siku chache?

Docteur anasema haiko uzee, iko dépression, ugonjwa wa huzuni nyingi. Alinipa dawa, akaniambia nirudi kisha juma tatu. Ninajaribu kuwaza hizo juma tatu, sioni kitu ndani yake. Pasta anasema nisali. Ninafunga macho, maneno haitoke. Batoto ya mudogo yangu habapokee simu yangu tena. Ninataka kwenda Mokambo kuwaomba musamaha, nguo iko ndani ya sakoshi, mufuko yangu ya safari, tangu kilio, na ningali ku kiti.

Nyinyi bale muliona hii ugonjwa kwa wazazi wenu, nishaurini. Kuna mutu aliyepona na kutoka humu? Na kama nikifika kwao, nitawaambia nini?