Mume, Mke na Kompyuta ya Gemu

Juzi, katika duka moja la kompyuta hapa Bariadi, niliwakuta mume na mke kutoka Ngulyati. Walitafuta kompyuta ya gemu ya bei ya kati, wafungue kibanda cha vijana kucheza. Mume alisimama mbele ya moja inayowaka taa za rangi, akaipapasa kama ndama.

“Hii hapa, Mama Kulwa. Itawaita watu.”

Mke akachuchumaa, akamwomba muuzaji afungue ubavu wa kasha. Akachungulia.

“Haina kadi ya picha,” akasema. “Gemu ya mpira itakwamakwama, wateja watatukimbia.” Akaonyesha nyingine, nyeusi tupu. “Hii kadi inayo. Kaka, tuongezee RAM iwe na kasi, halafu uwashe gemu tuone.”

Muuzaji akafanya hivyo. Wachezaji wakakimbia kwenye skrini bila kukwama hata kidogo. Nikamtazama mume, nikidhani atanuna. Akacheka, akatutangazia sote dukani:

“Mimi ningenunua taa, jamani! Bora nimekuja na huyu.”

Wanaume tunaojua kila kitu tuko wengi. Huyu hakujua, akasema hajui, akaondoka na kompyuta inayocheza.