Niliitikia Jina la Mwenzangu Kisiwani

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili nisije nikajificha huko mbele, maana kujificha nimezoea.

Mimi ni binti, nasomea cheti katika chuo kimoja hapa Musoma, nimepanga chumba Buhare. Shule yangu si kubwa, mtanisamehe mwandiko. Rafiki yangu nitamwita Nyangeta, siyo jina lake. Kwao ni Nyamuswa. Tulikuwa tunakaa dawati moja, tunapika sufuria moja.

Darasani kwetu tunaitikianaga majina. Mwenzako akichelewa, mwalimu akiita, unabana pua unasema "nipo". Kesho anakuitikia na wewe. Hatukuona ni uongo, tuliona ni upendo. Nyangeta nilishamwitikia mara nyingi sana, na yeye mimi vilevile.

Basi tukaenda safari ya mafunzo, siku tatu. Tulianzia Butiama, tukashuka Bunda kuona wavuvi, siku ya mwisho tukaingia ziwani kwa boti mbili kuzunguka visiwa. Mwalimu aliyetuongoza alikuwa mtu mwema. Alituambia mapema, asiyekuwepo jina likiitwa nampunguzia maksi za safari.

Mchana tulisimama kwenye kisiwa cha mawe matupu. Mawe yamepandana juu kwa juu, ndege weusi wamejaa, hakuna nyumba wala mtu. Tukala mihogo na dagaa. Upepo ukaanza. Sio upepo wa kupeperusha sketi, ni ule wa kukusukuma mgongoni mpaka unashika jiwe. Nahodha akasema tuondoke sasa hivi, ziwa linageuka.

Watu wakakimbilia maji. Boti ya kwanza ikajaa, ikatangulia. Mwalimu akasimama kwenye maji ya magoti, karatasi inampiga usoni, akaanza kuita majina ya wote, na waliotangulia tunawasemea. Hapo nisiwe mnafiki: kuita vile lilikuwa kosa lake. Alitakiwa atuhesabu vichwa kabla boti ya kwanza haijaondoka. Lakini yeye aliita, na mimi ndiye niliyejibu.

Alipofika kwa Nyangeta nikaangalia boti iliyotangulia. Niliona kitenge cha njano. Nyangeta alikuwa na kitenge cha njano. Nikabana pua, nikasema, "Nipo!"

Nimejiuliza mara nyingi kama niliamini kweli kuwa ni yeye. Siku nyingine nasema niliamini. Siku nyingine nasema hapana, niliogopa tu apunguziwe maksi, mdomo ukaenda wenyewe. Ninachojua ni hiki: sura yake sikuiona.

Mwaloni Musoma, boti zinapofikia, tukashuka tumelowa chapachapa. Mkoba wake ulikuwa miguuni kwangu. Mwenye kitenge cha njano alikuwa msichana mwingine.

Nikapiga kelele kwamba Nyangeta hayupo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, na hilo ndilo linaniua, kwa sababu tangu siku ile watu wananisifu. Nahodha alikataa kurudi, na simlaumu, maji yalikuwa yanasimama kama ukuta. Upepo haukutulia mpaka kesho yake mchana.

Wavuvi wa dagaa ndio waliompata. Alikuwa amebanwa kati ya mawe mawili, mguu umevunjika juu ya goti, midomo imepasuka, na maji yote yale ya ziwa yako mbele yake hayafikii. Alianguka akiifukuza boti yetu. Amepasuliwa mara mbili. Mguu umepona mfupi, anatembea na gongo. Chuo ameacha.

Mimi nina daftari, naandikaga kila siku. Ukurasa wa siku ile una maneno manne tu: Upepo mkali. Nimechoka sana. Kwenye daftari langu mwenyewe nilishindwa kusema ukweli.

Mwalimu akasimamishwa kazi. Alijitetea kwamba jina aliliita na likaitikiwa. Mkuu wa chuo akatukusanya, akauliza nani aliitikia. Darasa zima likakaa kimya, na mimi nikiwa mstari wa mbele naangalia viatu vyangu. Mwalimu hakutukana mtu. Alitupitishia macho mmojammoja, akakunja ile karatasi yake ya majina, akaiweka mfukoni. Mjini wakaanza kusema ameitunga hiyo habari. Mke wake ana genge Mukendo, siku hizi nikifika pale navuka barabara.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena basi mpaka Nyamuswa. Mama yake Nyangeta alinipokea kama mtoto wake. Akanipa ugali na maziwa ya mgando, akasema mwanangu, wenzako wote wamemsahau, ni wewe tu. Akamkamata kuku, akamfunga miguu nimpeleke Buhare.

Mama alipokwenda kisimani nikamwambia Nyangeta yote. Sikulia, niliogopa akinionea huruma nitanyamaza tena. Alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza unajuaje.

"Nilikuwa nyuma ya jiwe najisaidia. Upepo ulikuwa unaleta kila kitu. Nikasikia ameniita, ukaitikia. Hata sauti yangu huiwezi, ulitoa ya mbuzi." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nikasema, ah, mwenzangu yupo, ameshanishikia nafasi. Nikaacha haraka. Nikanawa mikono taratibu."

Nikavuta fungu la mchicha, nikaanza kuchambua na mimi.

"Nimekungoja miezi yote hii, dada," akasema. "Ulikuwa unakuja na sabuni, unakuja na sukari, unaondoka. Mimi nimeshajua. Mwalimu ndiye hajui."

Kuku nilimfungua, nikamwacha uani.

Kikao cha kuamua kesi ya mwalimu ni Jumatatu. Nimeandika barua ya kukiri, iko chini ya godoro, nimeshaitoa na kuirudisha mara tatu. Najijua. Ndiyo maana naandika na hapa, ili nikiamka Jumatatu nimegeuka mwoga, nikute tayari nimeshasema. Pengine watanifukuza. Pengine mwalimu hatarudishwa. Na hata nikisimama mbele yao nikaeleza yote, mguu wa Nyangeta utabaki ulivyo.

Ninyi mnaosoma, hasa wanafunzi, hili si jambo dogo kama mnavyoliona. Jina la mwenzako likiitwa na humwoni, acha kimya kikae. Kimya kile ndicho kingemfanya mwalimu ainue kichwa. Kingemfanya Nyangeta apige kelele kutoka nyuma ya jiwe: jamani, bado mimi!

Alikuwa na sauti ya kutosha. Mimi ndiye niliyemwambia hana haja nayo.