Mmekula?

Mok Yiu alikuwa mkalimani bandarini Hong Kong, naye alikula sahani moja na wakala wa meli, aliyemlipa kwa kila abiria. Sheria ilitaka kila Mchina anayesafirishwa ng'ambo aulizwe kama anakwenda kwa hiari yake. Sheria tamu kweli! Afisa Mwingereza aliuliza kwa Kiingereza, kisha Mok akawageukia abiria na kuwaamkia tu kwa Kichina, kama majirani wa kwao wanavyoamkiana kila asubuhi: "Jamani, mmekula?"

"Tumekula!" wakaitikia wote, hata wenye njaa, maana ndiyo adabu.

"Wanasema ndiyo," Mok akamwambia afisa, na meli ikapewa ruhusa.

Aliishi hivyo miaka mingi, akanenepa. Hata siku moja, kwenye meli ya kwenda kuchimba mavi ya ndege ya mbolea huko Peru, sauti moja ikaitikia kwa nguvu kuliko zote. Alikuwa Fuk, mdogo wake wa tumbo moja, aliyelaghaiwa na madalali kijijini.

"Nimekula, kaka!" alisema, uso umemchangamka. "Umekuja kunishusha, eti?"

Wakala alikuwa amesimama nyuma ya Mok.

"Huyu anasemaje?" afisa akauliza.

"Anasema ndiyo."