Tangazo Lililochacha

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema ili msomaji asije akanitarajia ushujaa. Katika ujana wangu, Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa hiki hiki, nilikwenda mara moja tu, mazikoni, na nikarudi siku ile ile nikilalamika kwamba chai ya huko inanuka moshi. Wenzangu wakienda Chukwani kuogelea, mimi nilibaki na mama ghorofani kwetu Mji Mkongwe, namsaidia kuchagua mchele huku nikimhadithia niliyoyasikia dirishani. Laiti mtu angenijia siku zile akaniambia, "Wewe hutatoka Unguja maisha yako yote," ningemshukuru na kumwongeza chai.

Kisha nikaposa Tanga.

Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, amekuja wakati wa Pasaka kumtazama shangazi yake. Shangazi mwenyewe akiuza vitumbua Mlandege, na kanisani walikaa wote wawili benchi la nyuma yangu, kwa hivyo nilikuwa na sababu nzuri ya kugeuka geuka wakati wa mahubiri. Posa ikakubaliwa. Harusi itakuwa kwao Tanga, kama ada inavyotaka. Kilichobaki ni mimi kuvuka. Lakini miaka ile, baada ya Mapinduzi, sisi wa Unguja hatukuvuka kwenda Bara mpaka tupate ruhusa. Nikaenda ofisini kuomba. Karani akanambia, "Njoo wiki ijayo."

Hapo ndipo nilipoujua moyo wangu ulivyo kichekesho. Mlango ambao sikuwahi kuutamani, ulipofungwa tu, usingizi ukanihama. Vichochoro vile vile nilivyovipenda kwa kivuli chake nikaviona vinanibana mabega. Nilikuwa nakaa ndani kama zamani, kiti kile kile, dirisha lile lile, ila sasa nilikuwa mfungwa.

Kanisani kwetu mtu haoi kimyakimya. Padri husoma tangazo la ndoa Jumapili tatu mfululizo: fulani wa hapa anakusudia kumwoa fulani wa kule, na ajuaye kizuizi aseme. Mara ya kwanza nilipotangazwa nilijikuna shingo kwa furaha. Suti ya kijivu ilikuwa imeshashonwa. Jumapili tatu zikapita, miezi ikapita, ruhusa haikutoka. Padri akaniita pembeni baada ya ibada.

"Mwanangu, tangazo lako halifai tena. Likipita miezi mitatu bila ya ndoa, lazima tuanze upya."

"Kwa hivyo limechacha, Padri?"

Akafikiri. "Limechacha."

Akaanza upya. Likachacha tena.

"Mkwe," Shangazi aliniinamia kwa nyuma akaninong'oneza, "tangazo lako mie nshalihifadhi kuliko Baba Yetu."

Watoto wa uani wakalifanya mchezo. Mmoja huwa padri, mmoja huwa mimi, na yule aliyekuwa mimi kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo na kushika tama. Chini kabisa, chumba cha mlangoni, alikaa mzee mmoja wa Kiarabu ambaye zamani nyumba yote ile ilikuwa yake. Kila Jumapili nikirudi alikuwa akiningoja.

"Bwana harusi!"

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Leo wamekutangaza tena?"

"Wamenitangaza."

"Sisi jambo la kheri hulifunika mpaka liive. Nyie mnafunua chungu kila wiki, kisha mnauliza kwa nini wali mbichi." Akacheka, kisha akatazama ngazi zake za zamani. Yeye naye alikuwa na watoto ng'ambo ya bahari asioweza kuwafikia. 

Lililonitesa zaidi si utani. Ni ule ukimya baada ya padri kuuliza kama yupo ajuaye kizuizi. Kizuizi tulikijua sote. Kilikuwa na meza, na feni juu ya kichwa, na kila nikienda kiliniambia nije wiki ijayo. Lakini nani angesimama kukitaja? Watu walitazama viatu. Mmoja alikohoa, na waliokuwa karibu naye wakamtazama kama kwamba amehutubia. Padri akahesabu pumzi mbili, akaendelea.

Mama alikuwa na jibu moja kwa yote. "Mngoje Mungu, mwanangu."

"Nnamngoja, mama."

"Wewe humngoji. Wewe umekaa tu."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu sikuweza kuyakana wala kuyakubali. Niliomba kila siku, wallahi niliomba, mpaka nikaona haya kumrudishia Mungu ombi lile lile kama mtu anayegonga duka lililofungwa. Lakini nilipoinuka magotini nilikuwa sina la kufanya ila kurudi dirishani. Kumtumaini Mungu na kukaa kitako, kwa mtu wa tabia yangu, ni mapacha. Hata mama yao angewachanganya. Wakati mwingine nilidhani Mungu amenifungia kwa kunikinga na jambo. Wakati mwingine nilidhani amenisahau. Mara nyingi nilikuwa sidhani lolote. Nilikuwa nasimama foleni ya mchele.

Kisha habari ikaja kutoka Tanga kwa mdomo wa mtu aliyepita kwa Shangazi. Baba wa mchumba wangu amechoka. Nisipofika kabla ya Krismasi, posa imevunjika, na yuko mwalimu mwenzake huyo binti ambaye keshaulizia.

Ruhusa: wiki ijayo.

Padri akaanza kusoma kwa mara nyingine. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imechoka. Akafika penye swali, ukimya ukashuka, watu wakatafuta viatu vyao. Nyuma yangu benchi likalia.

"Mie nnacho kizuizi," alisema Shangazi.

Sikupata kuona kanisa likiogopa vile. Mama alishika mkono wangu. Padri alishusha karatasi taratibu, macho yakaenda mlangoni kwanza, kisha kwa Shangazi.

"Bibi," alisema, "uangalie unalosema."

"Nnaangalia. Kizuizi ni kwamba sote hapa tunaomba huyu bwana harusi atoke. Kwani bibi harusi kavunjika mguu? Mbona hakuna aliyeomba yeye aingie?"

Pumzi iliyotoka kanisani mle ingejaza puto. Mtu akacheka, na padri naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Mimi sikucheka. Wazo hilo nilikuwa nalo, na nilikuwa nimelisukuma chini ya kitanda. Watu walisema mwanamke akishaolewa huku anahesabika wa huku. Kutoka tena ni majaliwa. Utampendaje mtu kisha umwite aingie katika tundu uliloshindwa wewe kutoka? Na ada je? Na baba yake?

Siku zile sala yangu ikabadilika. Niliacha kuomba mlango ufunguke. Niliomba tu akikataa, nisimlaumu.

Shangazi, mzaliwa wa Tanga, aliweza kuvuka. Akaenda na ujumbe wangu, kwamba akipenda aje yeye. Nikakaa dirishani. Nilijua sasa kwamba nangoja, maana kila honi ya meli iliniinua kitini.

Walirudi wawili. Nilimwona bandarini amebeba cherehani kichwani, uso umevimba kwa kulia.

"Baba hakunipa mkono wa kuagana," alisema. Hiyo ndiyo salamu.

"Bado unaweza kurudi," nikamwambia. "Ukishaingia huku, kutoka ni shida. Sijui lini. Sijui kama—"

"Shangazi kanambia wewe hutoki hata mlango ukiwa wazi." Akanitwika cherehani. "Basi tofauti iko wapi? Twende, jua kali."

Tangazo lilikuwa halijachacha. Shangazi alikuwa amelipigia hesabu.

Siku ya harusi suti ilinipwaya. Upande wangu wa kanisa ulijaa. Upande wa bibi harusi, mabenchi yote yale, alikaa Shangazi peke yake na kanga yake mpya. Mchumba wangu alipoingia aliutazama upande ule mara moja tu, kisha akatazama mbele, na mkono wake ulipofika katika wangu ulikuwa baridi kama chupa. Nilitaka kumwambia Mungu anajua. Sikuweza, nilikuwa sijui kama anajua.

Nikasikia nyuma yangu viatu vya mama. Alikuwa ameinuka, anavuka njia ya katikati, akaenda akaketi upande wa pili. Akafuata jirani. Kisha benchi zima, na jingine.

"Taratibu!" Shangazi akasema, na kanisa lote likasikia. "Mnanibana."

Mchumba wangu akageuka kutazama. Padri akauliza swali lake, akangoja pumzi mbili, na safari hii watu walikuwa wakitutazama sisi.