Mapepeo Mawili ya Spring Valley

Wewe unayetaka kujua kwa nini siku hizi nikialikwa kwenye sherehe naulizwa kwanza mkoba wangu una nini, kaa hapa nikwambie, ingawa masikio bado yananiwaka kwa aibu, na kama una chai mkononi iweke chini kabla sijaanza.

Mimi nashona mapazia pale Adams Arcade, na Jumatano jioni nafundisha Neno kwa kikundi kidogo cha akina mama. Napenda kueleza. Nikipata neno moja naweza kukaa nalo wiki nzima nikiligeuza kama kitambaa ambacho sijajua upande wake wa mbele, na neno lililokuwa limenishika wakati huo lilikuwa la Kigiriki cha zamani, ptyon. (Litamke polepole: ptu-on. Usijali, kila mtu huchekesha mara ya kwanza.) Ptyon kilikuwa kifaa cha kila mkulima, koleo la mbao, lingine lenye meno, la kurushia ngano hewani baada ya kuipura, ili upepo ubebe makapi, nazo punje, kwa sababu zina uzito, zianguke pale pale miguuni. Wako wanaosema jina lenyewe limetoka kwenye kutema, kwamba kifaa kinaitema nafaka juu. Watu wakikutana na neno hilo katika Maandiko huogopa, wanaona hukumu na moto tu, lakini mimi huwaambia wale akina mama, tazameni mkono ulioshika kifaa, huyo mtu anaitaka ngano yake, ndiyo maana anajichosha.

Kwetu magharibi kazi hiyo tunaifanya kwa uteo, ule ungo wa kusukwa. Kiswahili cha Maandiko kinasema pepeo. Likumbuke hilo neno, maana ndilo lililonimaliza.

Sasa, Nafula ni binti wa kaka yangu. Anafanya kazi ya ofisi Kilimani, na huko akapatana na kijana anayeitwa Njoroge, wakapendana. Kaka yangu hayupo tena, kwa hiyo mimi, senge wake, yaani shangazi, ndiye ningesimama kwa niaba ya ukoo siku ya familia kukutana nyumbani kwa kina Njoroge, Spring Valley. Shida ilikuwa mama yake Njoroge. Ni mtu wa maombi, anafunga, anakesha, na kwa miezi mingi alikuwa anasema hawajui sisi ni watu wa namna gani. Jumamosi hiyo ndiyo angetamka mbele ya wote kama amemkubali Nafula au la.

Nikaamua nitatoa zawadi ya teo mbili, za nyanya yangu, nieleze maana yake kwa wachumba. Hadi hapo hakuna kosa. Kosa ni kwamba Ijumaa mchana, nikiwa cherehani na miwani iko juu ya kichwa badala ya machoni, niliamua kuwaarifu kwenye grupu la simu la familia zote mbili, na nikaona "teo" ni neno la jikoni mno kwa watu wa Spring Valley. Nikaandika, au nilidhani nimeandika, "Kesho nakuja na mapepeo mawili. Moja nitamwachia Nafula, lingine litabaki hapo kwa mama."

Mama Njoroge akauliza, "Mama Wekesa, unasema ukweli?"

Nikafurahi kwamba amependa. Nikajibu, "Ukweli kabisa! Nimerithi kutoka kwa nyanya. Yamekaa kwangu miaka mingi na bado yana nguvu."

"Na Nafula anajua?"

"Amekua nayo."

(Ndiyo. Niliandika hivyo. Nikaongeza na alama ya kucheka.)

Jumamosi nikafika na mzigo wangu, teo mbili zimefungwa kwa nailoni nyeusi pamoja na kimfuko cha wimbi ambalo halijapepetwa, la kuonyeshea. Hata getini nilisikia nyimbo. Nikajiambia, jamani, kumbe wametuandalia kwaya! Mlango ukafunguliwa na akina mama saba wenye vitambaa vyeupe kichwani wakanizunguka, na kabla sijasalimia, mmoja akanipaka mafuta kwenye paji la uso, si ya kugusa tu, ya kumwaga, yakateremka hadi kidevuni. Nikadhani ni desturi yao. Nikasema asante.

"Ametuletea kweli," mwingine akanong'ona akitazama mzigo. "Iko ndani ya hiyo nailoni."

Nafula alikuwa kwenye kiti cha kona, macho mekundu, Njoroge amesimama mbele yake kama mlinzi. "Senge," akasema, "umefanya nini?"

Mzigo ukanichosha mkono, nikauweka chini, wimbi likachakarika ndani. Wote saba wakapiga kelele na kurudi nyuma.

"Msiogope," nikasema kwa ile sauti yangu ya Jumatano, "hayaumi. Ngojeni niyatoe muyaone."

"Usiyatoe!" Mama Njoroge alikuwa ameshika kifua. "Ngai! Mimi nilisema, si nilisema? Hii ndoa haitaendelea!"

Sikuelewa chochote ila hilo neno haitaendelea, na mtu wa kueleza akishtuka hufanya nini? Anaeleza. Nikasema tatizo ni kwamba hawajajua asili ya kitu chenyewe, jina lake la kale ni, na hapo nikalitoa kwa nguvu zote, "Ptuon!"

Neno hilo halitamkiki bila mate. Yalimfikia Mama Njoroge shavuni.

"Ameyaita!" mtu akalia. "Ameyaita kwa lugha yao!"

Nikashikwa mabega, mikono sita au minane kichwani, wakikemea kwa sauti moja, na mimi katikati nikipiga kelele "ni ya kupepeta! ni ya kupepeta!" ambayo hakuna aliyeisikia. Aliyeniokoa ni Nafula. Alimpita Njoroge, akapiga magoti, akairarua ile nailoni kwa meno. Teo mbili zikateleza sakafuni.

Mama Njoroge akasogea. "Si hii ni gitaruru?" akauliza, kwa jina la kwao.

"Kwa Kiswahili ni pepeo," nikasema, mafuta yakiingia jichoni.

"Pepeo?"

"Pepeo."

Akatoa simu, akanisomea ujumbe wangu mbele ya watu wote, polepole. Mapepo mawili. Herufi moja ilikuwa imeliwa, na kila kilichofuata kikakubaliana nayo vizuri kabisa. Aliposoma "amekua nayo" nilitamani sakafu ifunguke, na Njoroge akageukia ukuta, mabega yakitetemeka.

Mama Njoroge hakucheka. Aliinama, akaokota uteo, akaugeuza, akagusa ukingo pale nyanya yangu alipokuwa ameushona upya. Kisha, kama mtu ambaye mikono imemtangulia, akamimina wimbi na kuanza kupepeta, pale pale juu ya zulia, na makapi yote yakanijia mimi, yakaganda kwenye mafuta kutoka nywele hadi shingo.

"Woi, Mama Wekesa," akasema, na sasa kicheko kikamtoka, "wewe ndio umebaki na makapi." Akanipangusa kwa kitambaa chake cheupe. "Mama yangu alikuwa anafanya hivi kila asubuhi. Nani bado anaweka hii kitu vizuri hivi?" Akamtazama Nafula, ambaye bado alikuwa na kipande cha nailoni mdomoni. "Na huyu, mkali hivi kwa ajili ya senge wake? Wacha akuje. Ni wetu."

Sikuwahi kutoa hotuba. Haikuhitajika.

Basi wewe, kabla ya kutuma ujumbe, shusha miwani machoni, usome kwa sauti, umwulize aliye karibu amesikia nini. Na kama ni uteo, andika uteo.