Mstari wa Tatu

Binti yangu alipoanza kusomea kompyuta kwenye chuo kimoja mjini Machakos, mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Kalama baada ya miaka mingi ya kushona suruali kwenye kiwanda huko Mavoko. Kiwanda kilipunguza watu, nikapunguzwa. Nilirudi na mgongo mbovu na hasira. Mgongo ni wa kiwanda, lakini hasira nilizaliwa nayo, nisiwasingizie bure. Kompyuta sikuwa na haja nayo kabisa. Nilijua cherehani, jembe na sufuria, na nilikuwa nimeridhika.

Yeye alikuwa na ugonjwa wa viungo. Ulimshika akiwa shule ya upili, ukawa unakuja na kwenda. Siku nyingine anatembea mpaka sokoni na kurudi, siku nyingine hawezi kushika kijiko. Vidole vilikuwa vinavimba na kukakamaa. Chuo kilimwazima kompyuta ya kubeba ili afanye mazoezi nyumbani siku ambazo hawezi kwenda darasani. Siku ya kwanza aliiweka mezani, akajaribu kuandika, akaacha. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Akaniita "Mwaitu," ndivyo sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu. "Mwaitu, kuja uniazime vidole."

Nikamwambia vidole vyangu vimezoea kitambaa. Akasema hata hii ni kushona tu, eti unafuata mstari. Alinidanganya, na nikakubali kudanganywa.

Nikawa naandika anachosema. Alikuwa anasoma lugha moja ya zamani ya kuandikia programu, ya watu wanaotaka kuongea na mashine kwa karibu, na jina lake ni herufi moja tu, C. Mwanzoni sikuelewa kitu. Yeye analala kwenye kochi amefunga macho, anasema, "Mabano. Funga mabano. Nukta mkato." Nikisahau ile nukta mkato mwishoni mwa mstari, mashine inakataa kila kitu, na inalalamikia mstari mwingine ambao hauna kosa lolote. Hilo lilinichemsha. Nikasema mashine gani hii inayosingizia asiye na hatia. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mnafanana na hiyo mashine, Mwaitu," akasema. "Hata wewe ukikasirika unaanza na mtu ambaye hajafanya kitu."

Baba yake alikuwa mlangoni anavua viatu vya shamba. Nilimwona akitabasamu, na jioni hiyo nilimnyima chai ya pili.

Tukafika kwenye mafaili. Mwalimu wake alikuwa ametuma karatasi ya mazoezi: fungua faili, andika ndani yake, ifunge. Ifungue tena, soma kilichomo. Hesabu mistari. Ongeza mstari chini. Huko ndiko nilikoanza kuelewa, sijui kwa nini. Alinieleza kwamba ukifungua faili lazima uiambie mashine unataka kufanya nini nayo, kusoma, kuongeza, au kuandika upya. Ukisema kuandika upya, kila kilichokuwa ndani kinaondoka hapo hapo, kabla hata hujaandika herufi moja. Nikamuuliza kama mashine haikuulizi kwanza. Akasema hapana, hii ni lugha ya watu wazima, inaamini unajua unachofanya.

Basi nikawa simngojei amalize. Akisema fungua, mimi nishaandika na ile sehemu ya kuangalia kama imefunguka kweli. Akisema soma, namuuliza mpaka wapi. Alikuwa anafungua jicho moja kunitazama. Aliniambia siku moja tutaenda Konza sote wawili kutafuta kazi kwenye huo mji wa teknolojia unaosemwa kila siku, yeye akiwa akili na mimi nikiwa mikono. Nilimwambia mimi Konza naijua kwa ng'ombe. Lakini nilifurahi, ni lazima niseme. Sikuwahi kufurahi hivyo kiwandani.

Halafu ugonjwa ukaingia kwenye figo. Mambo ya hospitali sitayaeleza, sina nguvu za kuyaeleza. Tulimzika mvua za vuli zikiwa zimeanza, udongo ukinata kwenye viatu vya watu.

Kwetu kuna mwethya, kikundi cha wanawake wa kijiji tunaofanya kazi kwa zamu kwenye shamba la kila mmoja. Kikundi chetu kina desturi yake. Mtu akifa, baada ya mazishi tunaenda kwake kumalizia kazi aliyoiacha katikati. Kama alikuwa anachimba mtaro wa fanya juu, ule wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, tunaingia pale jembe lake lilipoishia, tunauchimba mpaka mwisho, na alipochimba yeye hatupagusi. Nimeifanya kazi hiyo kwenye mashamba mengi. Sasa walikuja kwangu na majembe mabegani, na mwenyekiti wetu, mama mmoja mzee asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Msichana aliacha nini?"

Niliangalia huku na huku. Hakuwa ameacha mtaro, hakuwa ameacha hata kikapu. Nikaingia ndani nikaleta kompyuta. Waliizunguka wakaitazama. Mmoja akasema, "Jameni, hii tutaichimba na nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia kwa sauti mpaka mume wangu akatoka zizini. Mwenyekiti alingoja ninyamaze. Akasema, "Basi hii ni yako peke yako." Wakanipalilia mboga, wakaenda.

Chuo kilipiga simu siku chache baadaye. Waliongea kwa heshima, wakatoa pole, wakasema ile mashine itahitajika muhula ukifunguliwa kwa sababu kuna mwanafunzi mwingine anaingojea. Sikuwalaumu. Niliwaambia nitaileta mwenyewe. Nilitaka irudi ikiwa na mazoezi yake yote yamekwisha, mwalimu ayaone, pasiwe na mtu wa kusema mtoto wangu aliacha kazi katikati. Hilo tu ndilo nililotaka duniani wakati huo. Kuna watu wanaotaka kaburi la marumaru. Mimi nilitaka yale mazoezi yakubali.

Nikaanza. Asubuhi, maziwa yakishaenda kuuzwa, nilikuwa naketi mezani na ile karatasi. Bila sauti yake nilikuwa kipofu. Programu ya kuhesabu mistari ilikataa kusimama, ikawa inahesabu tu bila mwisho, kwa sababu sikuwa nimeiambia faili inaishia wapi. Niliitukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Nikishindwa kabisa nilikuwa naenda kulala kwenye kochi lake, nafunga macho, najisemea kama yeye: mabano, funga mabano. Utaona ni ujinga, lakini ilisaidia. Nikiamka nilikuwa najua penye kosa. Zoezi likikubali nilimwambia kwa sauti, "Hilo limekubali." Mume wangu alikuwa ananisikia kutoka jikoni, na hakuwahi kuniuliza naongea na nani.

Zoezi la mwisho lilisema hivi: ondoa mstari wa tatu kwenye faili.

Faili yenyewe alikuwa ameitengeneza siku moja vidole vilipomwachilia kidogo, mimi nikiwa kanisani. Ndicho kitu pekee kwenye mashine hiyo alichokiandika kwa mikono yake. Mengine yote niliyaandika mimi. Ilikuwa na mistari minne, ya watu wa nyumba yetu.

Mama, kelele nyingi, chapati laini.
Baba, huongea Jumapili.
Mimi, mgonjwa lakini mrembo.
Kaka, huonekana chakula kikiiva.

Nilipoifungua mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nilikuwa naisoma kila siku kabla ya kuanza kazi. Halafu nikasoma lile zoezi vizuri, nikahesabu mistari kwa kidole juu ya kioo, nikahesabu tena. Mwalimu hakuwa na kosa. Aliandikia darasa zima, na kila mwanafunzi alikuwa na mstari wake wa tatu.

Tena mstari hauchomolewi tu katikati ya faili, lugha hiyo haina njia hiyo. Unafungua faili mpya, unanakili mistari yote ndani yake isipokuwa ule mmoja, unazifunga zote mbili. Halafu unaifuta ile ya zamani, na ile mpya unaipa jina la ile ya zamani. Niliiandika hiyo programu polepole, na nilipoipeleka kwa mashine ikapita bila lawama hata moja. Yeye angejivuna. Kilichobaki ni kuiendesha tu, niandike tatu, nibonyeze.

Sikuweza. Nilifikiria kuijaribu na mstari wa pili, nikamwona mume wangu dirishani akifunga ndama, nikasema huyu nimfute kwa kosa gani? Chini ya karatasi mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtu atengeneze nakala ya faili kabla ya kufanya majaribio. Niliyasoma hayo nikayapita. Kwenye mwethya hakuna anayechimba mtaro wa kujaribia kando ya mtaro wa marehemu. Unaingia pale pale alipoacha. Ndivyo nilivyofanya tangu mwanzo, ndani ya faili zake zenyewe, na niliona ndiyo heshima. Nikaifunika mashine hivyo hivyo, programu imeandikwa na haijawahi kuendeshwa.

Siku ya kuirudisha tulienda na mume wangu. Yeye alibaki nje karibu na geti, akasema ngazi zinamsumbua, na ngazi hazijawahi kumsumbua. Mwalimu alikuwa kijana mpole. Aliniita mama, akaniletea kiti, akasema binti yangu alikuwa anauliza maswali magumu. Nikamwambia mazoezi yako ndani, yote. Aliniangalia bila kuelewa vizuri, akafungua.

Aliyaendesha moja baada ya jingine. Kila moja lilikubali, na kila likikubali alikuwa anaitikia kwa kichwa kidogo, na mimi nilikuwa nimekaa pale nimeshika mkoba, kifua kimejaa. Nilijivunia mtoto wangu, na mimi mwenyewe pia, nisidanganye. Akafika kwenye lile la mwisho.

"Hilo, mwalimu," nikasema, "hilo halijawahi kuendeshwa."

"Basi tuone," akasema, na alikuwa ameshaandika tatu. Nilinyoosha mkono. Akabonyeza.

"Limekubali," akasema, akanigeukia akiwa na furaha ya kweli. "Mama, hili liliwashinda wengi darasani." Akaifungua ile faili anionyeshe.

Mistari ilikuwa mitatu. Mama, kelele nyingi. Baba, huongea Jumapili. Kaka, huonekana chakula kikiiva. Kaka alikuwa amesogea juu akakaa mahali pa dada yake, na hapakuwa na nafasi tupu hata kidogo. Nyumbani kitanda chake kipo, sweta lake liko msumarini, kila upande ninaogeukia namkosa. Hapo mtu angeifungua hiyo faili aisome mpaka mwisho, na asijue kulikuwa na mwingine.

Mwalimu aliona uso wangu, akauliza kuna nini. Nikamwambia mstari wa tatu ulikuwa nani, na ulisema nini, na nani aliuandika. Aliondoa mikono kwenye mashine kama imemchoma. Akatafuta kwenye kapu la takataka la kompyuta, akatafuta kwingine na kwingine. Akasema ile amri haipeleki kitu kwenye kapu. Kikiondoka kimeondoka.

"Ulitengeneza nakala, mama?"

"Nakala ya nini, mwalimu?" Sauti yangu ilikuwa imepanda na sikuijali. "Msichana nilikuwa naye mmoja."

Akanisogezea mashine, akasema pole sana, akasema kama nayakumbuka maneno niyaandike tena pale, yeye atatoka nje. Akatoka kweli, akafunga mlango taratibu.

Nilikuwa nayakumbuka yote. Niliweka vidole juu ya herufi, na vilijua pa kwenda, maana yeye ndiye aliyevifundisha. Vikakataa. Mimi nilikuwa nimemwambia ni mrembo mara nyingi, tangu akiwa mtoto, na alikuwa anakunja uso na kuniambia niache uongo. Pale alikuwa amelisema mwenyewe, siku ambayo hakuna aliyekuwa anamwangalia. Nikiliandika mimi, litakuwa langu tena.

Nikaifunika mashine nikaiacha mezani. Kule nje mume wangu alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Alitazama mikono yangu mitupu, halafu akaniuliza, "Yalikubali?"

Nikamwambia yalikubali yote, hata lile la mwisho. Akasema vizuri, akanichukulia mkoba begani, tukaenda stendi.